Chombo cha Mtu Mmoja Hupimwa kwa Kurudi

Wanaotafuta chombo chao cha kwanza cha kuvulia karibu wote huuliza swali moja: kipi hakipinduki? Wauzaji wanalijua, na jibu wanalo mdomoni kabla hujamaliza kuuliza. Kwa nahodha mwenye mabaharia wanne si swali baya. Kwa mtu anayekusudia kushua peke yake, kuvua peke yake na kurudi peke yake, linakuja la tatu. Yanayotangulia ni haya: ukirudi umechoka, jua limekukausha, upepo umegeuka na maji yamepwa, chombo hiki utakifikishaje mahali pa salama bila mkono wa mwenzio? Na kikijaa maji huko nje, utaingiaje tena?

Kwenda hakumshindi mtu. Alfajiri una nguvu, ufukoni hakukosi kijana wa kukusukuma, na bahari isipokupendeza unarudi kulala. Kurudi huna hiari nako. Nayaandika haya kwa anayetaka chombo kidogo cha mshipi, dema chache au nyavu fupi: baharia aliyechoka kugawana mafungu na mwenye chombo, mwalimu aliyestaafu akarudi kwao pwani, kijana anayetaka kujitegemea.

Kabla ya kumwendea fundi, nenda ukakae kwenye ufuko wako. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kisha urudi wiki ya maji mafu. Unguja, na pwani ya Bara inayoelekeana nayo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Maji mafu yakifika hubaki mita moja na kitu. Kwenye ufuko wenye mteremko mkali, mita 4 za kimo ni hatua chache za kutembea. Kwenye ufuko wa bapa, ambao kila hatua 50 unashuka kwa kimo cha hatua moja tu, ni mita 200 za mchanga mtupu, na upande wa mashariki wa Unguja kuna mahali zinazidi hapo sana.

Angalia na saa. Unguja maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, hata ikifika maji mafu mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi, yanapwa jioni. Kwa mvuvi wa peke yake hesabu hii ni nzito kuliko bei ya chombo. Siku ya bamvua unaondoka kabla ya alfajiri maji yakiwa mlangoni pako. Unavua hadi jua lipande. Unarudi saa nne, bahari imekimbia, na kati yako na minazi kuna mchanga, mawe na, kama uko Paje au Jambiani, mashamba ya mwani ya watu. Chombo cha kilo 200 hakiburuzwi umbali huo na mtu mmoja, hata awe na kifua cha namna gani.

Basi hapo una njia tatu, na kila moja inataka chombo chake. Ya kwanza ni kutia nanga kwenye maji yanayobaki ndani ya mwamba, ubebe samaki na mashine begani, ukifuate chombo maji yakirudi. Njia hii inakuruhusu chombo kizito kiasi, ila lazima kiweze kukaa kikikalia mchanga bila kulala ubavu, na mashine iwe nyepesi ya kubebeka. Ya pili ni kufuata maji: unakwenda yakishuka, unarudi yakipanda, hata kama ni saa tisa mchana. Inataka chombo chenye kivuli cha turubai, nafasi ya maji ya kunywa na barafu, kwa maana utakaa ndani yake siku nzima. Ya tatu ni chombo chepesi hivi kwamba unakibeba au kukisukuma kwa magurudumu saa yoyote. Mnunuzi asiyeamua mapema atafuata njia ipi hununua chombo kisichofaa hata moja.

Wasomaji wa Mwanza, Kigoma na Kyela wataona sehemu hii haiwahusu, kwa kuwa ziwa halipwi wala halijai kwa kufuata mwezi. Yanayofuata yanawahusu.

Upepo nao una hila yake. Ufuko uliotulia ndio unaodanganya. Upande wa magharibi wa Unguja, kwa mfano Bububu, upepo wenye asili ya mashariki unatoka nchi kavu; karibu na ufuko maji ni laini, na kila unapopiga kafi kwenda mbali mawimbi yanaongezeka bila wewe kusikia. Siku ya kuchoka, upepo huohuo unakupeleka mkondoni kuelekea Bara. Upande wa mashariki ni kinyume: kusi na kaskazi zote huwa na mkono wa kukurudisha nyumbani, ila zinakuletea mawimbi juu ya mwamba na mlangoni pa kupitia. Mtu wa ufuko wa kwanza anahitaji chombo kinachoweza kwenda dhidi ya upepo kwa nguvu ya mtu aliyechoka, yaani chembamba kidogo, kisichosimama juu sana hewani. Wa ufuko wa pili anahitaji chombo kinachovumilia kujaa maji. Mashua ya jirani yako inaweza kuwa nzuri kabisa na isikufae, kwa sababu tu yeye anashua ng'ambo ya pili ya kisiwa.

Na kuna ufuko usio na mwamba wa kuukinga, kama sehemu kubwa ya ghuba ya Malindi, ambako mawimbi yanavunjikia mchangani. Hapo chombo chenye ncha mbele na nyuma kina faida kubwa. Tezi bapa yenye mashine ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa wimbi linalokuja kutoka nyuma wakati unaingia: linaigonga, linaisukuma pembeni, chombo kinageuka ubavu na kulazwa. Ncha ya nyuma inaligawa wimbi. Ukilazimika kuwa na tezi bapa, jifunze mbinu ya nanga: unaiangusha nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, unaelekeza omo baharini, na unarudi kinyumenyume huku ukiachia kamba kidogo kidogo. Ni polepole na haina mbwembwe. Na uwe umetua au unashua, usisimame kamwe kati ya chombo na nchi kavu kwenye mawimbi. Chombo kilichoingia maji kina uzito wa nusu tani, na wimbi dogo linatosha kukibamiza kwenye miguu yako. Mahali pako ni upande wa baharini, au penye omo.

Sasa tuje kwenye kupinduka. Chombo kina utulivu wa namna mbili, na muuzaji atakuonyesha mmoja tu. Wa kwanza ni ule unaousikia ukiingia: hakiyumbi, unasimama, unatupa mshipi. Huo unatoka zaidi kwenye upana wa chombo pale kinapokutana na maji, na hesabu yake ni kali, maana upana huzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua vyombo viwili vya urefu na umbo moja, kimoja kina upana wa mita 1, kingine mita 1 na robo. Cha pili kina utulivu karibu mara mbili ya cha kwanza. Urefu hauna nguvu hiyo. Ukiongeza robo ya urefu umepata robo. Kwa hiyo fundi akikushauri uongeze futi mbili za urefu "ili kitulie", mwombe inchi kadhaa za upana badala yake. Utalipa mbao chache zaidi, na utapata kitu.

Utulivu wa pili unaonekana chombo kikishalala. Je, kinazidi kukataa, au kinakubali ghafla? Chombo kipana chenye chini bapa na kuta fupi zilizosimama wima hutulia kama meza mpaka ukingo uguse maji, kisha kinajaa mara moja, bila onyo. Chenye kuta zinazopanuka kuelekea juu huyumba kidogo mwanzoni, lakini kila kinapolala kinapata upana zaidi wa kuegemea. Mgeni hupenda cha kwanza, na mtu aliyevua misimu kadhaa hupenda cha pili. Ushauri wangu ni katikati: chini iwe na ubapa wa kutosha kukaa wima juu ya mchanga, kuta zipanuke, na ukingo ubaki angalau sentimita 40 juu ya maji ukiwa umekaa ndani na shehena yako yote.

Usisahau kwamba wewe ndiye shehena kubwa. Mtu wa kilo 70 akisimama ndani ya chombo cha kilo 80, karibu nusu ya uzito wote imepanda juu. Benchi liwe chini. Vuta mshipi ukiwa umekaa au umepiga magoti. Wa dema ajue kwamba dema likipandishwa juu ya ukingo linalaza upande ule ule aliopo yeye. Chombo kitakachobeba dema kijaribiwe kwa dema, wala asiridhike kwa kukitikisa tu. Na kama kinahitaji farumi, usitie mchanga. Tia madumu ya maji ya bahari chini ya sakafu, yafunge. Ukifika ufukoni unayamwaga na chombo kinakuwa chepesi cha kuvuta, na kikijaa maji huko nje, dumu la maji ndani ya maji halikizamishi. Mchanga unakizamisha.

Ngalawa ilikwishajibu swali la upana zamani, tena kwa werevu: haikupanua tumbo, ilipeleka mirengu mbali. Tuseme kuna boya la pembeni la lita 20, lililo mita 1 na nusu kutoka katikati. Likizamishwa lote linasukuma juu kwa nguvu ya kilo 20 hivi, na kwa umbali ule linatosha kumzuia mtu wa kilo 60 aliyekaa nusu mita nje ya katikati. Mirengu ya ngalawa zetu mara nyingi ni mbao bapa zilizolazwa kwa mwinamo, kwa hiyo inabeba vizuri zaidi chombo kikikimbia kuliko kikisimama. Ndiyo sababu ngalawa iliyotia nanga huegemea upande mmoja, na mtu asiyezoea hushtuka. Ndani ya mwamba, kwa mtu mmoja mwenye tanga, naiona bado ndiyo yenye akili kuliko zote. Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwenye mawimbi yanayovunjika, mrengu ukishikwa na maji unakuwa mkono wa kukigeuza chombo chote. Na vifungo vyake vya kamba vinalika kimyakimya. Ukinunua ngalawa iliyotumika, dai kamba zote zifunguliwe, utazame miti chini yake, kisha ufunge upya wewe mwenyewe. Asiyejua kufunga mrengu wake baharini hajawa tayari kwenda nao peke yake.

Mtumbwi mtupu, usio na mirengu, ni wa mikokoni na mtoni. Ni rahisi, unapigwa kafi vizuri, na aliyezaliwa ndani yake anausimamia bila wasiwasi. Wewe uliyekuja ukubwani usiutoe nje ya maji ya kimo chako. Kidau cha mbao chenye mkuku na mataruma kinavua vizuri na fundi anaweza kukitengeneza popote, ila pima uzito kabla ya kukipenda. Cha mita 4 na nusu mara nyingi kimeshapita uwezo wa mtu mmoja. Boti ya faiba ya mita 4 yenye kilo 100 hadi 150 ndiyo inayowafaa wengi siku hizi, mradi uwe umeyasoma ya chini kuhusu kuzama. Kuhusu plastiki iliyorejelezwa, Lamu walionyesha kwa jahazi la Flipflopi, lililoshuliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, kwamba chombo kinawezekana. Bado si kitu utakachokikuta diko lolote kikiuzwa kwa mvuvi wa mshipi.

Iko pia kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu. Wazee wa diko watakucheka. Waache wacheke. Ina kilo 25 hadi 35, upana wa sentimita 75 hadi 90, tumbo lililofungwa kabisa na matundu yanayotoa maji yenyewe, na unaivuta hadi mlangoni kwako maji yakiwa yamepwa. Ukianguka unapanda tena, kama umefanya mazoezi. Haifai dema, haifai nyavu, utalowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na jua litakukaanga. Kwa mshipi wa changu na chewa kando ya mwamba, au wa kolekole mlangoni siku ya shwari, sioni kinachoishinda kwa mtu wa peke yake.

Chombo chochote utakachokipenda, usikilipe kabla ya kukijaza maji. Fanya hivi siku ya shwari, kwenye maji ya kiunoni, mwenzio akiwa ufukoni. Kaa juu ya ukingo mpaka maji yaingie, uendelee mpaka kijae. Kisha tazama. Kimebaki wima au kimegeuka? Ukingo uko juu ya maji au chini yake? Sasa toka nje, ogelea nacho hadi mahali miguu haigusi, na uingie tena bila kushikwa mkono. Ukishaingia, fua maji kwa ndoo. Yakiingia kwa kasi kuliko unavyoyatoa, chombo hicho hakikurudishi nyumbani. Muuzaji asiyetaka chombo chake kijazwe maji amekwisha kukujibu. Mshukuru kwa chai, uondoke.

Mbao huelea zenyewe, hata kama chombo kimejaa. Faiba haielei. Boti ya faiba ya kilo 120 ikijaa maji bado inavuta chini kwa karibu kilo 40, kabla ya kuongeza mashine ya kilo 25, vyuma, nanga na wewe unayening'inia. Inahitaji hewa iliyofungwa ya lita 150 au zaidi, sawa na madumu 8 ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja. Boti nyingi zina masanduku ya hewa omo na tezi: yagonge usikie kama kuna maji ndani, na tafuta kizibo cha kuyakagua. Pa kufunga madumu pia pana maana. Yafunge ubavuni, juu, chini kidogo ya ukingo, pande zote mbili sawa. Ukiyafunga chini ya sakafu, chombo kikijaa maji yatataka kupanda na kukipindua kichwa chini. Kwa kupandia, ning'iniza kitanzi cha kamba nusu mita chini ya maji, unachoweza kukifungua ukiwa nje. Mguu ukipata pa kukanyaga, mtu wa miaka 60 anaingia. Bila kitanzi, kijana wa 25 mwenye nguo zilizolowa anashindwa. Chombo chembamba kipandie tezini. Ngalawa ipandie ubavuni, kwenye mti unaoshika mrengu.

Tuje kwenye kuvuta. Kuburuza chombo cha ubao juu ya mchanga mkavu hula nguvu karibu nusu ya uzito wake, pengine zaidi. Kwa hiyo kilo 70 unaziburuza peke yako, kilo 100 unazilia machozi, kilo 150 huziwezi ila kwa ujanja. Magogo matatu ya mviringo ni ujanja wa kale na unafanya kazi kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga laini unayameza. Magurudumu ya baiskeli nayo yanazama. Tafuta magurudumu mapana, yenye upepo mdogo, uyafunge karibu na katikati ya chombo ili mikono yako iongoze tu isibebe. Ufuko wenye mteremko unataka kapi: funga moja kwenye shina la mnazi au nguzo iliyozikwa vizuri, nyingine kwenye omo, kamba ipite mara tatu, na kilo 60 za kuvuta zinakuwa 25 au chini kidogo ukitoa msuguano. Utavuta mita tatu za kamba kwa kila mita moja ya chombo. Una haraka ya nini?

Mpime muuzaji anayesema "kilo 100 tu". Chombo cha mti kinakunywa maji. Mtumbwi wa mwembe uliokaa juani miezi miwili ni mwepesi kwenye ununuzi, na baada ya mwezi baharini si ule tena. Mwulize anayeutumia, si anayeuuza. Chini ya mkuku dai ubao wa ziada wa kuliwa na mchanga, ulioshikwa kwa misumari inayoweza kutolewa. Huo utaubadilisha, mkuku hutaubadilisha.

Mashine iwe ndogo. Farasi 5 zinatosha kuendesha chombo cha mita 4 cha mtu mmoja, na mashine unaibeba. Farasi 15 ni mzigo wa kilo 40 au zaidi nyuma kabisa ya chombo chepesi: omo inapanda hewani, tezi inakaa chini, na wimbi la nyuma linaingia bila kubisha hodi. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au gotini kila mara, hata kwa mwendo wa dakika mbili. Watu wawili wakiwa chomboni mmoja akianguka, mwingine anageuza. Ukiwa peke yako chombo kinakwenda zake, au kinazunguka na rafadha yake kuja kukutafuta. Kafi mbili ziwepo daima, moja imefungwa.

Wa tanga wao wapunguze tanga. La mabaharia wawili limekuzidi. Kuipitisha foromali upande wa pili wa mlingoti wakati wa kubisha, usukani ukiwa hauna mtu, ndipo ngalawa nyingi za peke yake zinapojaa maji. Fundi akukatie tanga unaloweza kulishusha kwa mkono mmoja, na henza iwe mahali unapoifikia bila kusimama. Demani usiifunge. Ishike, au uipitishe mahali inapofunguka kwa kuvutwa mara moja.

Kukagua chombo kilichotumika si kazi ya siku nyingi. Chukua kisu chenye ncha, pitia mstari wa maji na chini ya mkuku. Ncha ikiingia kirahisi, mbao imeoza au wadudu wa baharini wamekwisha kuitoboa ndani. Vipande vya bati vilivyopigiliwa ndani na nje vinakwambia ufa uko wapi. Rangi mpya nisingeiamini. Kwenye faiba tafuta nyufa ndogo zilizotawanyika kutoka sehemu moja, na bonyeza tezi mahali pa mashine, maana ndani yake huwa kuna ubao unaooza bila kuonekana. Ukitaka kipya, nenda kwa fundi ambaye vyombo vyake unaviona vikifanya kazi kwenye ufuko wa aina ya kwako, uzungumze naye mbele ya chombo halisi, si kwenye picha ya simu.

Usajili na leseni visikuogopeshe. Tanzania Bara anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya diko lako. Kenya nako kuna BMU zake, na Zanzibar ina idara yake ya uvuvi. Fanya hayo kabla chombo hakijafika ufukoni, kwa sababu BMU ndiyo itakayokuonyesha pa kukiweka, na mahali pa kuweka panaweza kubadilisha uamuzi wako. Wakikupa nafasi nyuma ya mashua kubwa, kila alfajiri utasubiri wenye mashua. Omba ukingoni, penye mchanga mgumu, karibu na mnazi wa kufungia kapi. Patana na mlinzi kwa mwezi, na mashine, kafi na tanga vilale nyumbani kwako.

Mwezi wa kwanza vua ndani ya mwamba, maji mafu, na mtu wa nyumbani akijua saa uliyoondoka na saa ya kuanza kukuulizia. Jaketi okozi livae, usilikalie. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji, uifunge mwilini. Ikibaki chomboni na wewe ukaanguka, haina kazi. Kila safari ukikaribia kurudi zima mashine au shusha tanga, upige kafi mita mia kadhaa dhidi ya upepo. Siku utakayoshindwa kusogea, punguza umbali unaokwenda, au uza chombo hicho ukiwa bado unapata bei yake.